Karamu ya Shukrani kwa watoto kumi na wawili, na bata mzinga wa kwanza

Swali: Shikamoo dada. Sisi ni familia kutoka Uvira, sasa tuko Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa nne. Kila Novemba binti yangu wa miaka minane anarudi shuleni akiuliza kwa nini sisi hatufanyi Thanksgiving, ile Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, kama wenzake. Mwaka huu nimemwahidi. Majirani wataleta watoto wao, kwa hiyo nitakuwa na watoto kumi na wawili, mdogo ana miaka miwili na mkubwa kumi na mmoja, pamoja na wazazi kama sita. Familia mbili ni Waislamu. Bata mzinga sijawahi kumpika maishani. Nianzie wapi? Na hii ni sikukuu ya dini gani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi sana kwamba umemwahidi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka kumi na sita kazi yangu hapa Minneapolis imekuwa kulea watoto wadogo wa watu nyumbani kwangu, kwa hiyo karamu hii nimeipanga mara nyingi. Kabla ya lolote, shika hili: ipange siku hiyo kwa saa za watoto. Bata mzinga ndiye afuate saa zao.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kinyume. Nilimtoa ndege kwenye friza Jumanne usiku nikidhani siku moja na nusu zinatosha. Alhamisi asubuhi nikaingiza mkono tumboni nikakuta barafu. Tulikula saa kumi na mbili jioni. Watoto wa miaka miwili na mitatu walikuwa wamelala kwenye zulia bila kula, wakubwa wameshiba soda na biskuti, na mama mmoja aliondoka na mwanawe analia. Nyama ilikuwa nzuri, ila hakukuwa na mtoto wa kuila. Niliumia sana, na tangu siku hiyo watoto wangu wanakula saa saba mchana, ndege awe ameiva au hajaiva.

Kwa hiyo pika kitu kimoja ambacho unakijua kama jina lako, na kiwe tayari tangu asubuhi. Pilau ya kuku inatosha kabisa. Oveni ikichelewa, watoto wanakula pilau, na nyama ya bata inakuja baadaye kama kitoweo cha pili. Ukiwa na sufuria hiyo pembeni hutababaika, na mama asiyebabaika ndiyo nusu ya karamu.

Kuhusu dini: hii ni sikukuu ya taifa. Huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri wa gazeti la wanawake, Sarah Josepha Hale, kuwaandikia viongozi barua kwa miaka mingi akiiomba. Bunge likaiweka kisheria kwenye Alhamisi hiyo mwaka 1941. Tangazo la Lincoln lilimtaja Mungu, na makanisa mengi hufanya ibada, lakini haina dini moja inayoimiliki. Nimekaa meza moja na Wakristo na Waislamu, kila mmoja akaomba kwa namna yake. Zipo pia familia ambazo haziisherehekei. Waulize jirani zako wa Kiislamu kwa upole, usiwabane. Wakisema watakuja kula na kucheza tu, karibu.

Wakati unawauliza hilo, waulize wazazi wote mambo mengine mawili. La kwanza ni mzio. Hapa nakusihi dada yangu, kwa sababu mapishi yetu yana mtego: karanga. Tunazisaga tunazitia kwenye mchicha, kwenye sombe, kwenye mchuzi, na mtu anayetazama sahani hawezi kuziona. Mtoto mwenye mzio wa karanga anaweza kufungwa pumzi kwa kijiko kimoja. Kila mama atakayeleta chakula akuambie mle ndani kuna nini, na kwa siku hiyo karanga na korosho ziachwe kabisa. Uliza pia maziwa, mayai, ngano, ufuta, soya na samaki. La pili ni nyama. Bata mzinga wa halali hupatikana kwenye bucha za halali, ila huagizwa mapema, wiki mbili au tatu kabla, maana huisha. Agiza huyo mmoja awe wa wote, ili asiwepo mtoto wa kuambiwa "wewe usile hiki." Na tazama vitu vidogo: mashimelo, zile peremende nyeupe laini ambazo Wamarekani huzitandaza juu ya viazi vitamu, mara nyingi zina jelatini ya nguruwe. Maharage mabichi ya kijani nayo mara nyingi hupikwa na bekoni. Viazi vitamu havihitaji mashimelo hata kidogo. Vichemshe, viponde na tui la nazi na iliki, uone watoto watakavyovimaliza.

Sasa ndege mwenyewe. Kwa wakubwa sita na watoto kumi na wawili, chukua wa paundi 12 hadi 14, yaani kilo tano na nusu hadi sita na zaidi kidogo. Hesabu ni paundi moja kwa mtu mzima na nusu kwa mtoto, mifupa ikiwemo. Akiwa wa friza, huyeyuka ndani ya friji kwa saa 24 kwa kila paundi nne au tano. Kwa ukubwa huo ni siku tatu hadi nne, kwa hiyo mtoe friza Jumapili asubuhi, umweke kwenye sinia pana rafu ya chini ya friji ili maji yake yasidondokee mboga. Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Nje hupata joto wakati ndani bado barafu, na vijidudu huzaliana hapo. Ukijikuta umechelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, nusu saa kwa kila paundi, na ubadilishe maji kila nusu saa. Kwa ndege wa paundi 12 hiyo ni saa sita za kusimama jikoni, na akishayeyuka kwa njia hiyo apikwe papo hapo.

Utataka kumwosha kwa maji na ndimu kama tunavyoosha kuku nyumbani. Najua, hata mimi mkono ulikataa kuacha. Lakini matone ya maji yale huruka hadi kwenye vyombo na kachumbari, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanasema usioshe. Moto wa oveni ndio unaoua vijidudu. Mkaushe kwa karatasi za jikoni. Ingiza mkono tumboni na upande wa shingo utoe kifuko chenye shingo, ini na firigisi, maana wengi humwoka nacho bila kujua. Kisha Jumatano usiku mpake viungo vyako: kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, ndimu, chumvi, bizari nyembamba, pilipili manga, mafuta. Ingiza viungo chini ya ngozi ya kifua kwa vidole, taratibu isichanike, kwa sababu nyama ya kifua ni nene na viungo vya juu haviifikii.

Alhamisi, oveni iwe nyuzi 325 za Farenhaiti. Ndege wa paundi 12 hadi 14 asiyejazwa kitu tumboni huchukua saa tatu hadi tatu na robo tatu. Mwingize saa mbili asubuhi, funika kifua kwa foili kikianza kuwa cheusi. Nunua kipimajoto cha nyama, usikikose. Kichome penye unene wa paja na penye unene wa kifua, kisiguse mfupa. Kisome 165, sawa na nyuzi 74 za Selsiasi, kila mahali. Rangi ya ngozi isikudanganye. Akitoka, apumzike dakika ishirini kabla ya kukatwa, na wakati wa kumtoa hakuna mtoto jikoni, hata yule msaidizi wako mpendwa wa miaka minane. Mafuta yale yanachemka.

Na kama moyo unakuambia bata mzinga ni mzigo mkubwa mno, oka kuku watatu. Hakuna mtoto atakayelalamika.

Hapa nataka nikupe kitu ambacho naona ni bora kuliko mapambo yote ya dukani. Pika makande, mahindi na maharage kwenye sufuria moja, na pembeni boga la nazi. Halafu waambie watoto vyakula hivyo vimetoka wapi. Wenyeji wa Amerika walipanda mahindi, maharage na maboga kwenye tuta moja. Bua la mahindi likawa mti wa maharage kupanda, na majani mapana ya boga yakafunika udongo usikauke. Waliviita dada watatu. Vyote vitatu asili yake ni bara hili la Amerika, na baada ya meli za Ulaya kuanza kuvuka bahari, vikafika Afrika. Mahindi tunayoita kwa jina linalosikika kama ya Uhindi, muhogo ambao majani yake ndiyo sombe yako ya Uvira, viazi vitamu, nyanya, pilipili, nanasi, karanga, vyote vilivuka kutoka huku. Wenyeji wa pwani ya kaskazini-mashariki walikuwa na chakula chao cha mahindi na maharage, na Wamarekani bado wanakipika na kukiita succotash. Mwambie binti yako hilo. Anapouliza kwa nini sisi hatuna Thanksgiving, mwekee bakuli la makande mbele yake umwambie kwamba bibi yake amekuwa akipika chakula cha watu hawa maisha yake yote. Mwaka niliowaeleza watoto wangu hivyo, kijana mmoja wa darasa la tano alienda shuleni Jumatatu na kuwaeleza darasa zima, akiwa amesimama wima kama mwalimu.

Tukiwa kwenye historia, usikubali watoto wavalishwe manyoya ya karatasi kichwani kuwaigiza Wenyeji wa Amerika. Wenyeji wenyewe wamesema mara nyingi kwamba jambo hilo linawaumiza, na wapo, hawajaisha. Wawampanoag, wenyeji wa hadithi yenyewe, bado wanaishi Massachusetts. Hadithi ya karamu ya kwanza, ile ambayo sikukuu hii huikumbuka, ielezwe kwa umri. Kwa wadogo inatosha kusema: watu walikuja kutoka Uingereza kwa meli iitwayo Mayflower mwaka 1620, wakafika na baridi, wengi wakaugua, nusu yao wakafa. Mwenyeji aitwaye Tisquantum akawafundisha kupanda mahindi. Walipovuna mwaka 1621 walikula pamoja siku tatu, na mkuu wa Wawampanoag, Massasoit, alikuja na watu wake kama tisini, wakaleta kulungu watano. Watoto wetu wanaielewa hadithi hii upesi kuliko unavyodhani. Wengi wamefika ugenini kwenye baridi, na wanamkumbuka kwa sura mtu wa kwanza aliyewaonyesha namna ya kupanda basi au kununua koti.

Kwa wale wa miaka minane na zaidi, endelea. Waambie kwamba Tisquantum alikuwa ametekwa mwaka 1614 na kupelekwa Uhispania kuuzwa, na aliporudi alikuta kijiji chake kimekwisha kwa maradhi. Waambie pia kwamba urafiki ule haukudumu, ardhi ilichukuliwa, na mwaka 1675 ikazuka vita kubwa iliyoongozwa upande wa wenyeji na Metacom, mtoto wa Massasoit yuleyule. Tangu 1970 baadhi ya wenyeji hukusanyika Plymouth, pale walipokaa wale wa Mayflower, siku hiyohiyo ya Thanksgiving kuomboleza. Mtoto anaweza kushukuru na kuhuzunika mezani pamoja. Matanga yetu si yana chakula na kicheko ndani yake?

Ratiba ya siku iwe nyepesi. Wageni wafike saa nne asubuhi. Watakaotaka kuona maandamano ya maputo makubwa ya New York kwenye televisheni, yale ya duka la Macy's yaliyoanza 1924, wayaone mwanzoni, kisha izime. Saa tano watoke nje hata kama kuna baridi, wavae vizuri, kwa sababu Columbus mwishoni mwa Novemba jua huzama mara tu baada ya saa kumi na moja jioni na hutapata nafasi nyingine ya kuchosha miguu yao. Wacheze rede na kombolela. Wape kila mmoja mfuko wa karatasi aokote majani makavu mazuri na vijiti.

Vijiti na majani hayo ndiyo mapambo yenu. Simika tawi kubwa kwenye ndoo ya mchanga au mtungi wenye mawe, uwe mti wa shukrani. Kila mtoto anakata jani la karatasi, anaandika au anachora anachoshukuru, anafunga kwa uzi. Wale wa miaka miwili hadi minne wachorewe kiganja kwenye karatasi: dole gumba ni kichwa cha bata mzinga, vidole vinne ni mkia, wao watie rangi tu. Meza ya watoto itandike karatasi ya kaki badala ya kitambaa, uwamwagie kreyoni katikati. Watachora wakisubiri sahani, na ukimaliza unaikunja na kuitupa.

Kuhusu kushukuru kwenyewe, swali la "unashukuru nini?" huwaduwaza watoto. Watajibu "familia yangu" mmoja baada ya mwingine, kama kasuku. Wape swali lenye mlango: nani alikusaidia wiki hii? Nani alikuchekesha? Kitu gani ulikiogopa ulipofika hapa na sasa hukiogopi? Mvulana mmoja wa miaka sita, mkimya sana, aliwahi kuniandikia kwenye jani lake jina la dereva wa basi la shule kwa sababu alimsubiri siku aliyoanguka kwenye theluji. Mimi na mama yake tukampelekea dereva lile jani. Mtoto asiyetaka kusema mbele za watu aachwe, jani lake litasema.

Wape watoto kazi za kweli. Wa miaka kumi na kumi na mmoja waandike menyu na kadi za majina, wapokee makoti, wawasimamie wadogo kwenye michezo. Wa miaka saba, minane, waponde viazi vitamu vilivyopoa, wapange sahani. Wa miaka minne wahesabu vikombe. Binti yako awe mwenyeji: asimame mlangoni aseme karibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ni karamu yake.

Chakula cha wadogo kikatwe kabla ya kufika mezani. Zabibu mbichi zipasuliwe kwa urefu mara nne, tufaha likatwe vipande vyembamba au lichemshwe, karoti iwe imeiva. Bisi na peremende ngumu zisiwepo pale penye watoto wa chini ya miaka minne, huziba koo. Akitokea mtoto mchanga ambaye hajafika mwaka mmoja, asionjeshwe asali wala chochote kilichotiwa asali.

Baada ya kula, wakiwa wazito, kaeni chini kwa vitendawili. Anza na vile vya zamani, nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia miibani, halafu waache watunge vyao kwa vyakula vya mezani. Mwaka jana msichana mmoja alisimama akasema: "Nina nguo nyingi, ndevu ndefu, na meno ya manjano." Wote wakapiga kelele: mahindi! Hata wale ambao Kiswahili kimeanza kuwatoka hujikuta wanajibu "tega" bila kufikiri.

Mpigieni bibi simu Uvira kabla ya chakula. Saa tano asubuhi ya Columbus mwezi huo ni saa kumi na mbili jioni kule. Ukingoja hadi mmalize kula na kucheza atakuwa amelala. Watoto wote kumi na wawili wamsalimie kwa pamoja, hata wasio wajukuu wake.

Nyama isikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili. Mbandue mifupani, igawe kwenye vyombo visivyo na kina kirefu, iingie friji; italiwa siku tatu au nne. Nunua vyombo vya plastiki vyenye vifuniko kumi na viwili, kila mtoto aondoke na chake kimeandikwa jina. Mifupa ichemshe Ijumaa na ndizi mbichi, supu yake ni tamu kuliko bata mwenyewe.

Ununuzi wote umalize Jumanne, maana maduka mengi hufungwa Alhamisi na Jumatano foleni zinazunguka duka. Ukishampata ndege wako, niandikie uzito wake na kama ni wa friza au la, nikupangie saa ya kumtoa na saa ya kumwingiza oveni.